Tupeleke Andiko Mezani, Watunyime kwa Maandishi

Makamanda,

Taja mchezo mmoja wa jukwaani uliowahi kupigwa marufuku Singida. Sio wimbo, sio filamu, sio mkutano wa hadhara. Nasema igizo: watu wamesimama mbele za watu, wanaigiza, wengine wanatazama.

Umekwama? Hata mimi nimekwama, na nimewauliza watu wa Kiomboi, Manyoni na Ikungi wenye umri wa baba zangu. Najua machawa wakisikia hivyo watapiga vigelegele: mnaona, nchi hii ina uhuru, hakuna igizo lililofungiwa! Ni sawa na mtu anayejisifu kwamba hajawahi kumfukuza mgeni nyumbani kwake, kumbe geti lake halijawahi kufunguliwa.

Geti lenyewe lina jina. Linaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976. Wengi wetu tunaijua upande wa filamu, kwa sababu ya Bongo Muvi na vurugu za Bodi ya Filamu. Nusu ya pili ya jina huwa tunairuka. Kwa sheria hiyo, igizo la hadhara linatakiwa kupata kibali kabla halijaonyeshwa. Kuna watu wanaopaswa kukaa na andiko lako, walisome, waamue kama wananchi wa Mkalama wana akili ya kutosha kulitazama. Na mfumo huo wa bodi haukuishia Dar es Salaam, umeshushwa hadi mkoani na wilayani. Mwaka 1984 ikaongezwa Sheria Namba 23 iliyoleta BASATA, kwa hiyo msanii ana mlango wa pili wa kubisha. Mwaka 2019 Bunge liliifungua ile sheria ya 1976 na kuifanyia marekebisho, ndani ya muswada uleule uliogusa takwimu na asasi za kiraia. Kalamu ilikuwa mkononi. Kibali cha jukwaani kilibaki palepale.

Halafu hapa ndo pa kuchekesha. Huu ugonjwa wa kukagua maandiko ya michezo kabla ya onyesho, mkoloni alitoka nao kwao. Uingereza walianza kwa sheria mwaka 1737, ofisa wa ikulu ya mfalme aliyeitwa Lord Chamberlain akawa anasoma kila igizo na kukata asichokipenda. Mwaka 1968 Bunge lao likaona hii ni aibu, likafuta. Sisi tukatunga ya kwetu 1976. Miaka 8 baada ya mwenye nguo kuivua na kuitupa, sisi tuliojikomboa tukaiokota tukaivaa, na hadi leo tunaambiwa ni maadili ya Mtanzania.

Sasa tuvuke mpaka kidogo. Nataka mlinganishe mambo mawili: kuzuiwa mchana kweupe, na kuzuiwa kimya kimya.

Kenya, kijiji cha Kamiriithu, Limuru. Wakulima na vibarua wakajenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Mchezo ulihusu ardhi, mshahara, na matajiri waliofaidi uhuru peke yao. Novemba mwaka huohuo kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi, akakaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 wakajaribu mchezo mwingine, wakanyimwa leseni, na polisi wakaenda kulibomoa lile jukwaa. Yaani serikali yenye jeshi na polisi ilipeleka askari kupigana na mbao na mabanzi. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na dunia nzima ikakumbuka kile kijiji. Nani anawakumbuka kwa wema waliotuma wale askari?

Songa mbele. Mwaka 2013 wasichana wa sekondari ya Butere waliigiza Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu ukabila na mgawanyo wa keki ya taifa. Ukapigwa marufuku kwenye tamasha la shule. Okiya Omtatah akaenda Mahakama Kuu, marufuku ikaondolewa, wasichana wakaigiza. Mwaka 2025, shule ileile, mwandishi yuleyule, mchezo mpya: Echoes of War, kuhusu vijana na watawala wasiowasikia. Ukaondolewa tena, Mahakama Kuu ikaamuru tena uruhusiwe. Aprili 9 Malala akakamatwa Nakuru alipokwenda kuonana na waigizaji wake. Kesho yake, Aprili 10, polisi wakarusha mabomu ya machozi kwenye eneo la tamasha. Kwa watoto wa shule! Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Wakakataa kuigiza bila mwalimu wao wa mchezo na bila watazamaji.

Wana Singida, mnakumbuka Aprili 9 na 10 mwaka ule kulikuwa na nini huku kwetu? Aprili 9 Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi, aliyewahi kuwa mbunge wa Singida Mashariki, alikamatwa Mbinga baada ya mkutano. Aprili 10 akafikishwa Kisutu na kusomewa shtaka la uhaini, shtaka lililojengwa juu ya maneno aliyotamka. Siku mbili zilezile, nchi mbili jirani: moja inawarushia moshi mabinti kwa sababu ya maneno ya kwenye mchezo, nyingine inamfungulia mtu kesi inayoweza kumfikisha kwenye kitanzi kwa sababu ya maneno ya jukwaani. Watawala wa ukanda huu wanaelewa nguvu ya jukwaa kuliko sisi tunaopanda juu yake.

Lakini angalia tofauti. Kenya waliandika mchezo. Wakaufanyia mazoezi. Wakaupeleka. Ukakataliwa hadharani, kukawa na barua, kukawa na tarehe, kukawa na mtu wa kumshtaki, na jaji akapata kitu cha kutengua. Kwetu sisi kuna ukimya tu. Na ukimya huwezi kuukatia rufaa.

Mnadhani natia chumvi? Chukua wimbo wa Nay wa Mitego, Wapo, Machi 2017. BASATA waliufungia, msanii akakamatwa na polisi Morogoro. Kisha Rais Magufuli akasema ameupenda, aachiwe, wimbo upigwe, na kupitia kwa waziri wake akatoa ushauri wa mambo mengine ya kuongeza kwenye mashairi. Watu mitaani walishangilia. Mimi nilishindwa kushangilia. Asubuhi wimbo ni kosa, jioni sio kosa, na katikati hakuna kifungu cha sheria kilichobadilika, kimebadilika kile ambacho mkubwa amekipenda. Wimbo ulioachiwa kwa kupendwa unaweza kufungiwa kwa kuchukiwa. Na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa studio Dar es Salaam na watu ambao tukaambiwa hawajulikani.

Msanii akiona hayo mara moja, hahitaji bodi tena. Bodi anaibeba kichwani.

Nilipokuwa kidato cha tatu, shule siitaji, tuliandaa igizo la dakika kama 15 kwa ajili ya mahafali. Lilihusu michango ya madawati. Kulikuwa na mhusika mwenyekiti wa kijiji anayekula mchango. Mwalimu mmoja akatuita, hakuwa mkali hata kidogo, akasema tu, "Wanangu, mgeni rasmi atakaa mbele pale. Huyu mwenyekiti mfanyeni awe mfanyabiashara." Tukambadilisha. Mwaka uliofuata tuliandaa igizo lingine, na hakuna aliyetukataza chochote. Hatukuweka kiongozi wala mwenyekiti. Tuliigiza mimba za utotoni, tukapewa zawadi ya madaftari. Mimba za utotoni ni jambo zito, sibezi. Ila sisi tuliichagua kwa kuwa haimgusi aliyekaa mbele, na tulikuwa na miaka 17.

Zidisha hilo kwa kila shule ya sekondari, kila kikundi cha kwaya, kila kikundi cha sanaa kinachopewa hela na asasi kuigiza kuhusu malaria na vyandarua. Halafu jiulize kwa nini Singida haina igizo lililofungiwa.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu wenyewe. Nimelitoa wazo hili kwenye vikao: vijana wa mkoa tuandike mchezo, tuuigize hadharani, Ikungi kisha mjini kisha Manyoni. Makamanda wakagawanyika. Kundi moja wanasema hatuombi kibali, sheria kandamizi haiombwi ruhusa, tuigize tukamatwe, dunia ione. Nawaheshimu, lakini nawapinga. Tukipanda jukwaani bila kuomba, taarifa ya polisi itaandikwa kwa sentensi moja: mkusanyiko bila kibali. Andiko letu halitatajwa. Watatukamata kwa karatasi tuliyokosa, sio kwa maneno tuliyosema, na tutakuwa tumewasaidia kuficha wanachokiogopa. Kundi la pili ni wale wa busara nyingi. Wanasema tusubiri katiba mpya. Hao siwajibu sana. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Kama kila mtu angekaa kusubiri, hata hilo zuio lingekuwa limesahaulika kwamba ni zuio.

Ninachosema mimi ni hiki. Tuombe. Tuombe kwa kelele. Andiko lichapwe, nakala tatu, lipelekwe ofisini mchana, lipokelewe kwa muhuri wa tarehe. Wakisema "mje wiki ijayo", tuandike barua ya kukumbusha, nayo ipigwe muhuri. Wakisema kuna maelekezo kutoka juu, tuulize kwa upole, juu wapi, na kifungu gani. Ndugu zangu, nchi hii inaongozwa kwa simu na kwa mdomo. Afisa anakunong'oneza, "dogo, achana na hayo mambo, una maisha mbele yako", na wewe unarudi nyumbani ukidhani umeamua mwenyewe. Tuwanyime hiyo raha. Wakubali, tuigize. Wakatae kwa maandishi, tuwe na karatasi ya kwenda nayo Mahakama Kuu, tukashike Ibara ya 18 ya Katiba mbele ya jaji tuulize: uhuru wa maoni unaohitaji kusomwa kwanza na ofisa ni uhuru wa nani?

Ndiyo, najua mahakama zetu. Msinicheke. Lakini kesi ina faida hata ukishindwa: upande wa serikali lazima usimame useme kwa sauti ni sentensi gani ya mchezo inayotishia usalama wa taifa. Nataka nisikie wakiisoma.

Mchezo gani? Hapa nina pendekezo, na ndo sababu kubwa ya kuandika.

Wazee wa Kinyaturu wanaijua habari ya watu-simba. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Mwingereza akitawala, watu wa Singida walikuwa wanauawa na miili inakutwa na alama za makucha. Jibu la haraka likawa: simba. Baadaye watu wakakamatwa na kushtakiwa, ikaelezwa kwamba nyuma ya vifo hivyo walikuwemo binadamu waliovaa ngozi za simba, tena wengine wametumwa. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala juu yao, na nyingine ikaja kuyatazama upya maelezo ya kwanza. Ubishi wa nani alikuwa nani haujaisha hata leo kwenye vilabu vya pombe.

Soma tena hapo juu ukiwa na akili ya leo. Mtu anauawa. Kijiji kinajua. Kila mtu anasema ni simba, kwa sababu ukisema ni fulani, kesho simba atakuja kwako. Ben Saanane hajaonekana tangu Novemba 2016. Mzee Ali Kibao alishushwa kwenye basi Septemba 2024, akakutwa ameuawa. Tukiuliza, tunaambiwa wasiojulikana. Babu zetu walikuwa na wasiojulikana wao, wenye manyoya.

Mchezo wenyewe usitaje chama wala rais wala mwaka wa sasa. Kijiji, mwaka 1947, mama anayekataa kusema neno simba. Basi. Mama amefiwa na mtoto wa kiume, na kila anayekuja msibani, kuanzia jumbe hadi shemeji yake, anamtaka aseme tu "ameliwa na simba" ili azike kwa amani. Yeye anataka kujua simba gani anafungua mlango kwa mkono. Ebrahim Hussein alituonyesha njia hiyo mwaka 1969 na Kinjeketile: alirudi kwenye Majimaji, na kila msomaji aliona mambo mengine pia. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeipa bodi mtihani mgumu. Wakipitisha, watu watatazama na kuelewa. Wakikataa mchezo wa mauaji ya 1947, itabidi waeleze wamemtambua nani ndani ya ngozi.

Na sasa neno kwa chama chetu, mtanisamehe au msinisamehe. Sisi nasi tunawatumia wasanii kama spika za kuita watu. Wanaimba jua likiwa kali, msafara wa viongozi ukitokea wanazimwa katikati ya ubeti. Mchezo ukiandikwa na vijana, nina hofu kuna kiongozi atataka mwisho wake shujaa atokee na bendera yetu, mama wa watu afutwe machozi, wananchi wapunge vidole viwili. Hapana. TANU walifanya hivyo kwa ngonjera, kila shairi likiishia kwenye siasa ya chama. CCM wakaendeleza na TOT kwenye kila kampeni. Kama tunataka yetu iwe ngonjera ya rangi nyingine, tusimsumbue afisa utamaduni na nakala zetu tatu, tukaazime spika tu. Na mtu wa ndani ya chama akisema mchezo huu "haujakaa kichama", naye aandike kwa barua, tuibandike pamoja na ile ya bodi.

Kuhusu mahali: pale mjini uwanja mkubwa ni Liti, Namfua ya zamani, na mnajua ni mali ya chama gani. Waigizaji 12 hawahitaji uwanja wa mpira. Tunahitaji kivuli, uwanda, na watu waliokaa wanakuona uso. Kamiriithu waliigizia kwenye jukwaa la mbao lisilo na paa.

Muda nao ni wa kuangalia. Usiwaite watu wa Ikungi wakati wa palizi, hawatakuja na watakuwa sahihi. Alizeti ikishavunwa, wakulima wakishagombana na bei, hapo ndo watu wana nafasi na wana hasira. Kwa hiyo tuna miezi ya kuandika. Kila tawi litafute mzee mmoja au bibi mmoja aliyesikia habari za watu-simba kwa wazazi wake, aulizwe kwa heshima, asirekodiwe bila ridhaa yake, na jina lake lisiwekwe mtandaoni. Tunataka maneno yao: jumbe aliitwaje kwa Kinyaturu, kilio cha msiba kilipigwaje, mlango ulifungwa kwa nini usiku. Wanyiramba na Wanyisanzu mlete ya kwenu, msiseme hii ni ya Wanyaturu peke yao. Andiko la kwanza litasomwa kwa sauti kikao cha vijana cha mkoa, na nakala tatu zitapelekwa wiki hiyohiyo. Anayejitolea kuzipeleka na kusubiri muhuri, ajiandikishe kwa katibu wa vijana wa wilaya yake. Avae shati safi, asibishane na askari wa getini, na asiondoke bila tarehe.